Usiisugue sarafu, sogeza taa

Shilingi ya kwanza niliyotaka kuipiga picha niliiharibu kabla sijaishika kamera.

Ilikuwa ya mwaka 1924, ile ya Afrika Mashariki yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Bibi aliiacha kwenye kopo la maziwa, chini ya vifungo, sindano na funguo ambazo makufuli yake hakuna aliyeyakumbuka. Rangi yake ilikuwa kijivu kilichokolea, kama mkaa uliomwagiwa maji. Ndugu yetu mmoja aliye ughaibuni, mkusanyaji wa sarafu, aliomba atumiwe picha. Nikaiweka mezani, nikawasha flashi ya simu, nikapiga. Kilichotoka ni duara jeusi lenye doa jeupe katikati. Simba hakuonekana hata mkia.

"Imechafuka hii," nikajisemea. Nikakata limau, nikalichovya kwenye majivu, nikaisugua shilingi kama tulivyofundishwa kusugua masufuria. Dakika tatu hazikuisha, simba akang'aa. Nikapiga tena, nikatuma, nikakaa kusubiri sifa.

Jibu lilikuwa fupi: "Kaka, umeiosha?"

Ni swali ambalo wakusanyaji huliuliza kwa sauti ya msibani. Shilingi zile, zilizotolewa kuanzia 1921 hadi 1925 zikiwa na sura ya Mfalme George wa Tano, zina fedha robo tu, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni shaba. Ule weusi niliouona haukuwa uchafu. Ni utando unaojengwa na hewa na mikono ya watu mwaka baada ya mwaka, na mjuzi akiuona hutulia, kwa kuwa unamwambia uso wa sarafu haujachokonolewa. Majivu ni msasa. Nilikwangua utando wote na kuacha mikwaruzo isiyo na idadi, yote ikizunguka kufuata mkono wangu. Kuanzia siku hiyo shilingi ya bibi ina thamani kwetu wa nyumbani peke yetu.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Shilingi haikuwa na kasoro yoyote. Taa ndiyo iliyokuwa mahali pabaya.

Makopo kama lile la bibi yamejaa katika nyumba zetu, na wajukuu wenye simu nzuri nao wamejaa. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba sarafu ikigoma kuonekana, tiba haipo jikoni. Makala haya ni kwa ajili yao.

Kioo chenye milima

Ukimpiga picha mtoto au nyumba, unapiga kitu kinachotawanya mwanga kila upande, hivyo hata ukikosea kidogo kitaonekana. Chuma hakina huruma hiyo. Mwanga ukikigonga kutoka upande mmoja, unaruka kwenda upande wa pili kwa pembe ileile, kama mpira unaodundwa ukutani. Uwanda bapa wa sarafu ukiurushia mwanga huo kwenye lenzi, unapata weupe mtupu. Ukiurusha pembeni, unapata giza. Ndiyo maana flashi ya simu, iliyo ubavuni mwa lenzi, haina msaada wowote hapa.

Picha inasomeka kwa sababu ya miteremko. Pua ya mfalme, manyoya ya simba, ukingo wa kila herufi: kila mteremko unaurudisha mwanga njia yake. Sarafu basi ni kioo kidogo chenye milima na mabonde, na anayeipiga picha anafanya kazi ya jua la asubuhi, la kuamua mlima upi ung'ae na bonde lipi libaki kivulini.

Jaribu sasa hivi. Toa sarafu mpya mfukoni, ishike chini ya balbu, iinamishe pole pole. Utaona miale inazunguka juu yake kama spoki za baiskeli. Mashine inapoigonga sarafu, chuma hutiririka kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mistari midogo isiyoonekana kwa macho, na ni mistari hiyo inayozungusha mwanga. Kitambaa kikavu kikipita juu yake mara chache tu, mistari inakufa, na hakuna fundi wa kuifufua. Ukinunua sarafu ya kale inayong'aa sana bila miale hiyo kuzunguka, shuku. Huenda yupo mtu mahali fulani mwenye limau na majivu.

Meza ya chakula inatosha

Jumamosi moja mpwa wangu, kijana wa sekondari, alinikuta nimeinama juu ya meza na simu karibu niilambishe sarafu.

"Mjomba, unaipiga picha au unainusa?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Hilo ndilo kosa la kwanza la karibu kila anayeanza. Kamera kuu ya simu nyingi haiwezi kufokasi kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita nane au kumi, na hata ikiweza, simu yenyewe inageuka paa na kuiziba taa. Zile simu zenye kitufe cha picha za karibu mara nyingi huhamia kwenye lenzi ya pembe pana, inayotaka uikaribie sarafu zaidi, na kivuli kinazidi. Rudi nyuma. Acha sentimita kama 15 au 20 kati ya lenzi na sarafu, kuza mara mbili, kisha punguza pembezoni picha ikishapigwa. Simu za siku hizi zina pikseli za kutosha kuvumilia kukatwa huko.

Mkono wa mtu hautulii, hata wa daktari wa upasuaji. Panga vitabu mafungu mawili yenye kimo sawa, acha nafasi katikati, laza simu juu yake kama daraja, lenzi ikichungulia kwenye nafasi hiyo. Sarafu ikae chini ya daraja. Tumia saa ya kuhesabu sekunde mbili au tatu ili kidole chako kiwe kimeondoka simu inapopiga.

Sasa inabidi simu ilale sambamba kabisa na sarafu, la sivyo upande mmoja utakuwa mkali na mwingine ukungu. Kuna ujanja wa zamani ambao hauna gharama. Weka kioo kidogo cha mkobani mahali pa sarafu, tazama skrini. Lenzi ikijiona yenyewe katikati kabisa ya picha, umenyooka. Ikijiona pembeni, ongeza karatasi chini ya fungu moja la vitabu mpaka irudi katikati.

Chini ya sarafu tandika manila nyeusi au ya kijivu, na uiinue sarafu kidogo kwa kuiweka juu ya kifuniko cha chupa kilicho kidogo kuliko yenyewe. Ikiinuliwa hivyo, nyuzi na mavumbi ya manila vinapotea kwenye ukungu, na kivuli cha sarafu kinaenda chini badala ya kuizunguka kama wanja. Jihadhari na jambo moja: kamera ikiona weusi mwingi hudhani chumba kina giza, ikaongeza mwanga mpaka sarafu inaungua na kuwa nyeupe. Bonyeza juu ya sarafu kwenye skrini, ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha shusha mwanga kwa kidole hadi sehemu inayong'aa kuliko zote ionyeshe umbo lake.

Mpwa wangu alikwisha kulipekua kopo. Akaibuka na senti kumi yenye tundu, zile ambazo wazee walizitunga kwenye kamba.

"Hii haina kichwa cha mfalme, mjomba. Mwizi gani huyu?"

Nikamwambia aisome. Akaigeuza geuza, akashindwa, akaiweka chini ya daraja. Kwenye skrini herufi zikasimama: EDWARDVS VIII, mwaka 1936. Huyo ni mfalme aliyekikalia kiti cha Uingereza mwaka huohuo na kukiacha mwaka huohuo, Desemba, hata kabla hajavishwa taji. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia madukani. Huku kwetu senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji sura, kwa hiyo zilitoka na jina lake zikanunua chumvi na viberiti kama kawaida. Baadhi zina herufi ndogo sana H, ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, nyingine KN, ya Kings Norton ya mji uleule. Kijana mwenye macho ya miaka 16 hakuiona herufi hiyo mpaka picha ilipoikuza.

Neno kuhusu mikono. Sarafu hushikwa ukingoni, kwa kidole gumba na cha shahada, kamwe si usoni, maana jasho la kidole huacha alama inayokuja kuonekana baada ya miezi. Fanya kazi juu ya taulo lililokunjwa ili ikikuponyoka isitue sakafuni. Vumbi lipulize kwa pampu ndogo ya mpira. Usipulize kwa mdomo, kwani tone moja la mate linatosha kuacha doa. Na ile mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, acha kuhifadhia sarafu humo. Plastiki ya aina hiyo hutoa ute wa kijani unaokula shaba.

Saa nne na saa nane

Tumefika kwenye jambo lenyewe.

Chukulia sarafu iliyo mezani ni uso wa saa ya ukutani, na utosi wa mfalme uko juu kwenye 12. Tafuta taa mbili za mezani zenye balbu za aina moja. Moja iweke panapoandikwa 10, nyingine panapoandikwa 2. Kwa hesabu yetu hizo ni saa nne na saa nane. Nilipoacha kufikiria majina ya vifaa nikaanza kusema "sogeza ya saa nne kidogo, inua ya saa nane", hata watoto wa nyumbani wakawa wasaidizi wazuri.

Kwa nini juu, si chini? Kwa sababu macho yetu yamelelewa na jua, na jua huangaza kutoka juu. Weka taa saa kumi na mbili, yaani chini ya kidevu cha mfalme, na ubongo utadanganyika: paji la uso litaonekana limebonyea, shavu litakuwa shimo, herufi zitakuwa mifereji. Sarafu ni ileile. Taa imehama tu.

Kimo cha taa kina uzito kuliko idadi yake. Sarafu mpya, yenye mng'ao wake kamili, inapenda taa ziwe juu sana, karibu kugusana na simu, ili miale ile ya spoki irudi kwenye lenzi. Sarafu iliyochakaa inataka kinyume chake. Hapo teremsha taa mpaka mwanga uuparaze uso wa chuma, kama jua la magharibi linavyoparaza shamba na kurefusha kivuli cha kila tuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na taa nayo hainamishwi bure.

Hakuna panapolidhihirisha hilo kama Kilwa. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu ndogo za shaba karne nyingi kabla mzungu hajatia nanga kwenye pwani hii. Mara nyingi hazina mwaka. Zina jina la sultani kwa Kiarabu upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande mwingine, na pande hizo mbili zina vina, kama mishororo ya utenzi. Anayetaka kujua sarafu ni ya nani hana pa kushika isipokuwa jina hilo, na jina limelala chini ya kutu ya mamia ya miaka. Kwa taa ya juu, unaona kipande cha shaba. Shusha taa moja, izime ya pili, zungusha ile moja polepole kuuzunguka uso wa saa, na kwenye saa fulani kichwa cha herufi kitainuka, kwenye saa nyingine mkia wake. Pengine hutapata picha moja inayoonyesha jina lote. Piga nne au tano, za saa tofauti, uzisome kwa pamoja.

Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 mbali kabisa na huku, kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia. Aliyeziokota ni mwanajeshi Maurie Isenberg, aliyekuwa kwenye kituo cha rada. Alizipata pamoja na nyingine nne za kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, akazitia kwenye kopo, na zikakaa humo mpaka mwaka 1979 zilipopelekwa kwa wataalamu wa makumbusho. Miaka 35 koponi! Ndipo zikaanza kuwaumiza vichwa wanahistoria: shaba ya Kilwa ilifikaje huko? Nikilifikiria kopo lile na kopo la bibi, naona bahati ya sarafu zile ilikuwa moja tu. Aliyekaa nazo hakuwa na haraka ya kuzing'arisha.

Mkia wa herufi L

Yupo rafiki yangu ambaye marehemu babu yake alifanya kazi reli. Aliniletea sarafu ya shaba yenye rangi ya asali iliyoungua, ikiwa na taji, mwaka 1916 na herufi T. Nilijua ni nini kabla hajaiweka mezani. Ni heller 20 ya Tabora.

Mwaka huo vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimepamba moto, meli za Uingereza zimeifunga pwani, na serikali ya kikoloni ya Wajerumani, iliyohamia Tabora, ilikuwa imeishiwa sarafu. Ikafungua kiwanda cha dharura katika karakana ya reli. Kilitoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na hizi heller 20 za shaba nyekundu na shaba ya njano. Kazi haikuchukua muda. Septemba 1916 majeshi ya Kibelgiji yaliyotoka Kongo yaliingia Tabora. Lakini jina la sarafu ile halikuondoka na Wajerumani. Kila mtu anayesema leo kwamba hana hela anataja heller bila kujua.

Kwa kuwa zilitengenezwa kwa haraka na kwa mihuri iliyokatwa kwa mkono, heller za Tabora hazifanani. Wakusanyaji huzipanga kwa mambo mawili. La kwanza ni taji, kama ni kubwa au dogo. La pili ni herufi mbili za L katika neno HELLER: ncha za miguu yake zimejikunja au zimechongoka? Kuna aina yenye L ya pili peke yake iliyojikunja, kuna ambayo zote mbili zimejikunja, na kuna ambayo zote zimechongoka. Mkusanyaji akiambiwa una heller 20 ya Tabora, swali lake linalofuata ni kuhusu mkia huo, ambao ni mdogo kuliko punje ya ufuta.

Picha yangu ya kwanza, kwa taa za saa nne na saa nane, ilikuwa nzuri ya kutundika ukutani. Tarakimu za 20 zilikuwa safi, shada la majani limetulia. Lakini miguu ya L ilionekana kama mistari miwili ya kawaida, na ncha zake zilimezwa na uwanda. Nikaikuza kwenye skrini mpaka ikawa vigae. Hamna kitu.

Mpwa wangu ndiye aliyeuliza swali la maana. "Mjomba, huo mkia unaangalia wapi?"

Nikaichora L kwenye karatasi. Mguu wake umelala kwa mlalo, kutoka kushoto kwenda kulia, na mkunjo, kama upo, unainuka wima mwishoni. Mwanga unaotoka juu unauwasha vizuri ukingo uliolala, kwa sababu unakutana nao uso kwa uso. Ukingo ulio wima unaangazwa kulia na kushoto kwa usawa na taa hizo mbili, kwa hiyo hauachi kivuli, unapotea. Kumbe tatizo lilikuwa jiometri ya darasa la saba. Nikazima taa ya saa nne. Ile nyingine nikaihamisha mpaka kulia kabisa, saa tisa, nikaishusha hadi balbu ikawa kimo cha kikombe cha chai juu ya meza. Tarakimu zikapoteza nusu ya uzuri wake. Shada likaingia gizani. Na mwishoni mwa mguu wa L ya pili ukasimama uzi mwembamba wa mwanga, umejikunja kama ncha ya ukucha. Kwenye L ya kwanza hapakuwa na uzi huo.

Rafiki yangu alitazama skrini kwa muda. "Babu alikuwa na hii miaka yote," akasema, "na hatukujua hata kama kuna cha kutazama."

Picha ile haivutii. Ukiitundika ukutani wageni watauliza kama balbu iliharibika. Lakini ndiyo niliyomtumia yule ndugu wa ughaibuni, na safari hiyo hakuuliza kama nimeosha kitu.

Rangi isiyodanganya

Rangi ya shaba inagombanisha watu. Nyekundu, kahawia na ile ya asali ni daraja tofauti mbele ya mkusanyaji, na simu inaweza kuzibadilisha zote kwa kosa dogo. Kosa kubwa ni kuchanganya mianga: taa ya mezani upande huu, dirisha lililo wazi upande ule. Mwanga wa dirisha una ubuluu, balbu nyingi za nyumbani zina unjano, na kamera haiwezi kuzitii mbili kwa wakati mmoja. Funga pazia au subiri usiku. Kisha weka kipande cha karatasi nyeupe kando ya sarafu kwenye picha ya kwanza. Karatasi ikitoka nyeupe, rangi ya sarafu ni ya kweli. Ikitoka ya maziwa ya mgando au ya samawati, rekebisha kwenye kamera mpaka itulie, halafu iondoe na uendelee.

Baada ya kupiga, kazi ya mezani iwe ndogo. Isimamishe sarafu wima, kata pembezoni, weka pande mbili kando kwa kando, rekebisha mwanga kama umezidi au umepungua. Ishia hapo. Vitufe vya kung'arisha na kunoa vinavyopamba nyuso za bibi harusi huzua kingo ambazo hazipo kwenye chuma, na hufuta mikwaruzo iliyopo. Ongeza picha ya ukingo wa sarafu na moja yenye rula pembeni, maana ukubwa na ukingo ni ushahidi. Na kama sarafu ina thamani, zima kwanza huduma ya mahali kwenye kamera. Picha nyingi za simu hubeba ndani yake ramani ya nyumba ilipopigwa.

Wenye kamera kubwa

Mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha anapata faida tatu: umbali, utulivu na udhibiti. Lenzi ya picha za karibu ya milimita 90 hadi 105 inakuacha mbali na sarafu, na taa zinapata pa kukaa. Weka usikivu wa mwanga kwenye 100, tundu la lenzi kwenye f/8, na uache saa ya kamera ifyatue yenyewe. Usishawishike kuliziba tundu mpaka f/22 ukidhani utapata ukali zaidi. Likizidi kuwa dogo, mwanga hutawanyika unapopita na picha nzima hulainika. Kumbuka pia kwamba kwa ukubwa wa moja kwa moja kwenye kamera ya fremu kamili, f/8 inakupa kina cha ukali cha kama milimita moja tu, na hapo ndipo ujanja wa kioo cha mkobani unapolipa.

Zipo sarafu ambazo mbinu za saa nne na saa nane hazifui dafu kwazo, nazo ni zile zilizogongwa maalumu kwa wakusanyaji, uwanda wake ukiwa kioo kamili. Tanzania ilipotoa sarafu zake za kwanza mwaka 1966, shilingi yenye Mwalimu Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili, nazo zilikuwapo za namna hiyo. Taa yoyote ya pembeni huufanya uwanda wake uwe mweusi kama kisima. Chomoa kioo safi kwenye fremu ya picha, kisimamishe kati ya sarafu na lenzi kwa mshazari wa digrii 45, halafu elekeza taa moja kutoka ubavuni, ikipige kioo badala ya sarafu. Sehemu ya mwanga itateremka wima, itaigusa sarafu, na kupanda moja kwa moja kupitia kioo mpaka kwenye lenzi. Nyuma ya kioo, mkabala na taa, weka manila nyeusi imeze mwanga unaopita. Uwanda utawaka wote kwa usawa, na sura ya Mwalimu itasimama juu yake kwa kivuli chepesi. Mara ya kwanza utahitaji mikono minne. Mwite mpwa.

Picha tusiyoituma

Shilingi ya bibi haikurudi koponi. Inakaa kwenye droo ya meza, na ndiyo ninayofundishia, kwa kuwa haina tena cha kupoteza. Kila anayekuja kujifunza namkabidhi hiyo kwanza. Akiiweka chini ya taa ya saa nne, mikwaruzo inayoukingama mwanga huo inawaka. Akihamia saa nane, inawaka mingine. Hakuna saa ambayo mkono wangu wa siku ile hauonekani.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliikalia karibu saa nzima, akisogeza taa huku na huko. Mwishowe akaninong'oneza kama aliyegundua mgodi. "Mjomba, nimepata mahali ambapo mikwaruzo inapotea."

Nikaenda kutazama. Alikuwa ameizungushia shilingi karatasi nyeupe pande zote na kuziinua taa juu kabisa, mwanga umekuwa laini kama wa mawingu ya masika. Kwenye skrini simba alisimama mbele ya milima yake, mweupe, mtulivu, kana kwamba hajawahi kuliona limau.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizopiga. Alilijua jibu langu kabla sijafungua mdomo, akaifuta, akairudisha taa saa nane.